Mgeni, Jembe na Ubao: Tukiitazama Far From Home Hapa Dodoma

Jina la filamu ndilo lililonisumbua kwanza. Far From Home, ya mwaka 2014, imeongozwa na Galen Knowles. Ukiitafsiri haraka haraka unapata "Mbali na Nyumbani", na hapo hapo Kiswahili kinagoma. Nyumbani ni nyumba. Ni pale unapolala, pale ulipoacha sufuria jikoni. Mtu aliyepanga chumba Nkuhungu anasema "naenda nyumbani" kila jioni, wala hamaanishi kwamba Nkuhungu ni kwao. Kwao ni Sengerema. Tuna maneno mawili mahali ambapo Mwingereza anajikimu na moja, na hili la pili, "kwetu", lina wingi ndani yake. Ukisema "kwangu" umetaja mlango wako. Ukisema "kwetu" tayari umeshahesabu watu.

Naanza na neno kwa sababu filamu yenyewe inamhusu kijana aliyepata nyumbani pengi kabla ya kupata kwao. Brolin Mawejje alizaliwa Uganda. Mama yake alitangulia Marekani yeye akiwa bado mdogo sana. Alipofika miaka kama 12 naye akavuka, akaenda kuishi Massachusetts na mama ambaye ilibidi waanze kujuana upya. Mambo hayakuwa mepesi. Huko ndiko alikokutana na theluji na ubao wa kutelezea juu yake, yaani snoubodi, na ndiko alikokutana na akina Hessler, familia ya rafiki yake Phil. Familia hiyo ilimpokea, hadi akahamia nao Jackson, Wyoming, kwenye milima mikubwa. Phil huyo huyo ndiye mtayarishaji wa filamu. Baadaye Brolin akaingia chuo cha Westminster, Salt Lake City, akiwa na nia ya kuwa daktari, na huku ametangaza lengo lake: kuwa Mwafrika wa kwanza kushindana kwa snoubodi kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, chini ya bendera ya Uganda, Pyeongchang 2018.

Hakufika Pyeongchang. Kenya walikuwepo, Nigeria walikuwepo, hata Eritrea. Uganda haikuwepo. Nalitaja hili mapema kwa sababu hukumu yote ya filamu inalisimamia.

Unaweza kuisoma kama ilivyotangazwa: mtoto wa Afrika ya joto anapanda mlima wa theluji na bendera mabegani. Kwa kipimo hicho filamu imekufa, maana mwisho wake uliachwa nje yake, ukangojewa miaka minne, na haukutokea. Au unaisoma kama habari ya mtu aliyewekewa chombo mkononi, akajifunza kukitumia mbele za watu, na wale watu wakawa watu wake. Kwa kipimo hiki ni kazi nzuri. Nadhani ni nzuri hata kuliko walioitengeneza walivyokusudia.

Hiyo "Afrika ya joto" nayo tuimalize hapa hapa. Ninaandika kutoka Dodoma, mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai hapa madereva wa bodaboda wanavaa majaketi mazito kama wanaenda Ulaya, na ule upepo wa alfajiri haumwonei mtu huruma. Njombe na Makete baridi inaunguza viazi shambani. Tena Uganda anayotoka Brolin ina barafu yake yenyewe: kilele cha Margherita kwenye Rwenzori, mita 5,109. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, aliyekuwa akimwongoza njia alimpa neno moja tu la kukiita kitu kile: baridi. Wasomi wa London wakambishia Rebmann kwamba theluji haiwezi kukaa jirani na ikweta. Mwongoza njia hakuwa na ubishi na mtu. Na kuna hili ambalo hunichekesha: Stephen Koch, mpanda milima wa Jackson hiyo hiyo ya akina Hessler, alikuja na ubao wake hadi Kilimanjaro na kuteremka nao. Mmoja katoka Kampala kwenda kuteleza Jackson, mwingine katoka Jackson kuja kuteleza kwetu. Magazeti yanamwona wa kwanza tu kuwa ndiye wa ajabu.

Tuliitazama Ilazo, kwenye ukuta wa sebule ya rafiki, watu saba na projekta ya kuazima. Kati ya saba, aliyezaliwa Dodoma alikuwa mmoja. Ndivyo mji ulivyo sasa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi ulibaki kwenye makaratasi zaidi kuliko barabarani. Mwaka 2007 kikaja chuo kikuu, na mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kwelikweli, na pamoja nayo wahasibu, madereva, walimu, wauza chipsi, na watoto wao waliolia kuacha marafiki Dar. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, hata kanisani, ni "Kwenu wapi?" Huulizwi kwa ubaya. Ila ukiulizwa kwa mwaka wa nane mfululizo unaanza kujiuliza lini jibu litakuwa "hapa hapa".

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuusema msemo huu kwa kununa, kama njia ya kumwambia shemeji kwamba amekaa vya kutosha. Lakini lifikirie jembe lenyewe. Jembe halipewi mtu unayetaka aondoke. Anayetakiwa kuondoka hupewa nauli. Mgeni hukaa kwenye kigoda akatazama. Mwenye jembe anasimama kwenye mstari na wenzake, anajulikana kama ni mvivu au si mvivu, anachekwa akipiga jiwe. Huku Ugogoni, ambako mvua ni msimu mmoja tu na uwele haumsubiri mtu, mgeni aliyeshika jembe wakati wa kupanda anakuwa mtu wa boma lile kabla hajakariri majina ya watoto wote.

Ubao ndio jembe la Brolin. Hilo ndilo ninaloliona katika filamu hii.

Sijawahi kuupanda, na wengi mnaosoma hapa hamjawahi, kwa hiyo tuelewane unavyofanya kazi. Miguu yote miwili inafungwa kwenye ubao mmoja. Unasimama ubavu, unatazama bondeni kupitia juu ya bega, kama mtu anayechungulia nani anamfuata. Ubao una kingo mbili za chuma, moja upande wa visigino, nyingine upande wa vidole. Kuendesha ni kulalia kingo moja, kisha kuhamia nyingine, basi. Lakini kingo ya upande wa bondeni ikidaka theluji kwa bahati mbaya, unapigwa chini kabla hujajua kilichotokea. Ndiyo maana wanaoanza huumia vifundo vya mikono na kifandugu. Siku ya kwanza mtu anashinda chini. Na kwa kuwa miguu imefungwa, hata kuinuka ni kazi: unageuka kama kobe aliyepinduliwa, huku vitoto vya miaka sita vinakupita vikipiga miluzi.

Sasa hebu niambie, huku si ndiko kujifunza baiskeli ya Phoenix, mguu ukipitishwa katikati ya fremu kwa sababu hufiki kwenye siti? Au kuserereka kwenye majabali ya huku kwetu hadi kaptura inatoboka makalioni na mama anataka kujua imetobokaje? Mwili una aibu yake unapojifunza kitu ukubwani. Brolin alianza akiwa na miaka ya utoto unaoisha, umri mbaya kabisa wa kuonekana hujui. Alikuwa hajui mambo mengi kwa pamoja: lugha ya shuleni, chakula, mzaha upi ni mzaha na upi ni tusi. Mlimani angalau kutojua kulikuwa na mpaka. Wote wanaoanza huanguka, na theluji haijali umetoka wapi.

Hapa ndipo filamu inaponikatisha tamaa kidogo. Kamera ilimfikia akiwa tayari anajua. Kwa hiyo tunapewa kuruka kwingi, milima iliyopigwa kutoka juu, mwendo uliopunguzwa, muziki unaopanda: lugha ya kawaida ya filamu za mchezo huu, ambazo nyingi ni matangazo yaliyorefushwa. Ile miezi ya kuanguka imebaki zaidi kwenye simulizi. Ningetoa nusu ya miruko yote nipate dakika kumi za majira yake ya baridi ya kwanza. Najua picha hizo huenda hazikupigwa. Nani ampige picha mtoto mgeni anayeanguka? Lakini mwongozaji anayejua anachokosa angepata namna ya kutufanya tukihisi.

Cool Runnings ya mwaka 1993, ya Jon Turteltaub, inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, ingawa ni ya kubuni kwa kiasi kikubwa. Wengi wenu mmeiona, pengine kwenye kibanda umiza, na sauti ya mtafsiri juu yake. Wajamaika wanne wanajifunza kuendesha kigari cha barafuni huko kwao kusiko na barafu, wakisukuma kigari cha magurudumu mteremkoni na kupinduka nacho. Kuna sehemu nahodha anawaiga Waswisi, hadi namna wanavyohesabu, na mwenzake anamkatalia: kama sisi ni Wajamaika, tuteremke Kijamaika. Hapo filamu ile ya kuchekesha inasema jambo zito. Kisha inaliharibu mwishoni. Kigari kinapinduka, wanakibeba mabegani hadi kwenye mstari, na waliowadharau wanaanza kupiga makofi polepole, mmoja, wawili, uwanja mzima. Calgary mwaka 1988 mambo hayakuwa hivyo. Kigari kilipinduka kweli, lakini walitembea pembeni yake, na watu walikuwa wamewapenda tangu mwanzo. Hata timu nyingine ziliwasaidia vifaa. Hollywood ilihitaji maadui. Inaamini kwamba kukubaliwa ni cheti, na kinasainiwa na yule aliyekukataa.

Far From Home haifanyi hivyo, na naipa heshima yake. Hakuna uwanja unaosimama kumpigia Brolin makofi. Kuna watu wachache ambao jina lake lilishaingia kwenye hesabu zao za kila siku. Ndiyo "kwetu" niliyoanza nayo.

Hata kicheko kina aina zake. Sisi tuna utani, na mtani anapokucheka hukucheka usoni, tena kwa sauti. Lakini ukifiwa ndiye anayefika kwanza, anachimba kaburi, anapika, na katikati ya kilio anamwigiza marehemu hadi mjane anajikuta anatabasamu. Mtu baki hucheka akiwa mbali na haji. Kila ninapotazama habari za Waafrika kwenye theluji huuliza: kicheko hiki ni cha nani? Mwaka 1998 Nagano, Philip Boit, mkimbiaji kutoka Kenya, alishindana skii ya kilomita 10 baada ya mazoezi ya miaka miwili hivi huko Finland. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amefika dakika 20 kabla yake. Waandaaji walikuwa na sherehe ya medali ya kuendesha, na Dæhlie akawasubirisha, akasimama pale kwenye mstari hadi Boit alipofika, akamkumbatia. Boit alikwenda kumpa mwanawe jina Dæhlie. Magazeti mengi yaliisimulia kama hadithi ya huruma. Mimi naiona kama hadithi ya mtani, aliyeacha sherehe yake kumngoja mtu. Huko Kenya kuna kijana anayeitwa kwa jina la Mnorwe, na kwa desturi za kwetu jina la mtoto halitolewi kwa mtu baki.

Nagano hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa Olimpiki ya kwanza kuuruhusu ubao wa snoubodi. Hili filamu ingelitumia ingekuwa na uzito mara mbili. Ubao wenyewe ni mgeni kule mlimani. Ulianza kama mchezo wa watoto: mwaka 1965, Michigan, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili ili mabinti zake wasimame juu yake. Ulipokua, wenye skii wakaukataa. Hadi miaka ya 1980 sehemu nyingi za milima ziliwapiga marufuku vijana wa ubao, kwamba wana fujo, wanaharibu theluji, wanavaa ovyo. Walipokaribishwa Olimpiki, Terje Haakonsen wa Norway, ambaye wengi walimhesabu bora kuliko wote, aligoma kwenda kwa sababu mchezo umekabidhiwa shirikisho la skii. Na usidhani yamekwisha: Alta na Deer Valley, milima miwili ya Utah, karibu kabisa na chuo alichosoma Brolin, hadi leo haziruhusu ubao. Skii tu. Kwa hiyo kijana huyu hakuingia kwa wenye nyumba. Aliingia kwa watu ambao nao walikuwa wamewahi kufungiwa geti, na nadhani ndiyo sababu mojawapo mlango ulifunguka. Filamu inapita hapo bila kugeuza shingo.

Jambo jingine inalopita ni pesa. Katikati ya mruko mzuri kuliko yote, mwanafunzi wa UDOM aliyekaa karibu yangu akauliza: "Hicho kiubao bei gani?" Tukacheka, lakini hakuna aliyejibu, na filamu pia haikujibu. Jembe la kwenye methali linatolewa na mwenye shamba. Ubao, viatu vyake, miwani, nguo, na tiketi ya lifti ya kukupandisha mlimani kila siku, nani anatoa? Boit alipelekwa Finland kwa pesa za Nike, na baada ya Nagano Nike wakaondoka. Yeye akaendelea hadi Olimpiki za 2002 na 2006 kwa kuhangaika mwenyewe. Kupokelewa na familia yenye uwezo si dhambi, wala simlaumu mtoto wa miaka kumi na kitu kwa kushika mkono ulionyooshwa. Ila mwongozaji anapoacha bei nje ya picha, mtazamaji wa Ilazo anabaki akidhani kilichomtenganisha na mlima ule ni ndoto tu, kwamba hakuota vya kutosha. Kwa vijana wa hapa hiyo ni habari ya uongo, na ina madhara.

Ndiyo maana baada ya filamu niliwaonyesha picha za Kitintale. Ni mtaa wa Kampala, na kuanzia mwaka 2006 Jackson Mubiru na vijana wa pale walijijengea uwanja wa skeitibodi, ule ubao wa magurudumu, kwa saruji na mikono yao. Mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, amewapiga picha nzuri sana. Mtoto anasimama ubavu, anatazama bondeni kupitia juu ya bega, mkao ule ule wa Brolin, ila chini yake ni saruji na nyuma yake ni migomba. Kampala hiyo hiyo. Nilitegemea vijana waseme "afadhali hii". Hawakusema. Binti mmoja, aliyehamia hapa na wazazi kutoka Mwanza akiwa kidato cha pili, alitaka turudi kwenye filamu, kwenye sehemu za akina Hessler. Alisema miaka yake ya kwanza Dodoma alipata timu ya netiboli kabla hajapata rafiki, na kwamba vitu hivyo viwili havitofautiani sana. Sikuwa na la kuongeza.

Filamu hii haina maandishi ya Kiswahili, na ningependa iwe nayo, au bora zaidi impate mmoja wa wale mabingwa wa kutafsiri filamu za vibandani, ambao hawatafsiri maneno bali hali. Atapata shida na jina kwanza, kama nilivyopata. Nampendekezea "Mbali na Kwao", ingawa najua ataweka lake lenye vishindo. Kwenye miruko aseme chochote anachotaka, hakuna kinachosemwa pale. Asiongeze kelele tu pale Brolin anapomtaja mama yake.